Nanunua baskeli ya umeme, au naitia mota hii niliyonayo?

Goti langu la kulia lilianza kuniuma mwaka juzi, wakati wa karafuu. Mwanzo nililichua kwa mafuta ya makonyo, yaani vikonyo vya karafuu, kama tufanyavyo sote huku Pemba, nikaendelea na safari zangu. Mimi ni mtu wa baskeli tangu utotoni. Nyumba yangu iko Chake Chake, mama yangu anaishi Pujini, na kati yetu ni kama kilomita kumi. Kwa miaka mingi nimekwenda na kurudi baada ya Alasiri bila hata kuifikiria njia.

Mama ameshapita miaka 80, macho yameingia ukungu, na kuhamia mjini hataki kusikia. Mwenye kumchotea maji yupo, mwenye kumpikia yupo. Kazi yangu mie ni kufika, nikae naye barazani mpaka Magharibi ikaribie, aniulize habari za watu ambao nusu yao wameshakufa, nimjibu. Goti lilipozidi nikaanza kuruka siku. Leo mvua, kesho nina madaftari ya kusahihisha. Mama hakulalamika hata siku moja. Alichoniuliza ni, "Jana ulipata wageni, mwanangu?" Swali lile nililala nalo, nikaamka nalo.

Watu watauliza, kwa nini usipande gari? Ukishuka barabarani kwetu bado una mwendo mrefu wa miguu, na kurudi ikishaingia jioni unabahatisha. Bodaboda ya kwenda na kurudi kila siku inakula mshahara wa mwalimu kama mchwa. Na pikipiki sikuitaka kwa sababu moja kubwa: daktari aliniambia goti hili linahitaji kuchezeshwa kila siku, ila lisibebeshwe mzigo. Akasema kupiga pedeli kwepesi ni dawa, kupiga pedeli kwa nguvu kupanda kilima ndiko kunakoliua. Nilipotoka pale nilikuwa nimeshajua ninachokitafuta: kitu kitakachoniachia pedeli na kuniondolea kilima.

Asiyeijua Pemba nimweleze kidogo. Unguja ukitoka mjini kwenda Paje au Makunduchi unateleza tu. Huku kwetu ardhi imekunjwa. Unashuka kwenye bonde la mpunga, unapanda, unashuka tena. Hakuna kilima kirefu, lakini vifupi havishi, na kila kimoja kinakutaka usimame juu ya pedeli. Wakati wa karafuu majamvi yameanikwa pembeni ya barabara, kwa hiyo hata kwa kuyumba huna pa kuyumbia.

Basi nikawa na njia mbili. Ya kwanza, kununua baskeli ya umeme iliyotoka kiwandani. Ya pili, kuichukua Phoenix ya marehemu baba, ambayo ndiyo niliyokuwa naipanda, nikaitia mota. Kusema kweli moyo wangu ulikuwa kwenye ya pili hata kabla sijauliza bei. Baskeli ile baba aliibebea mikungu ya ndizi, alinibebea mie, alimbebea mama yangu akiwa mjamzito kwenda hospitali. Nilitaka iendelee kufika Pujini.

Hata hivyo nikaanza na duka. Nilikuwa Unguja kwa shughuli za harusi, nikapita mahali wanapouza baskeli za umeme mpya, nikaomba kuijaribu moja. Lazima niseme haki yake: ni kitu kizuri. Ukikanyaga kidogo inakusukuma kidogo, ukikanyaga sana inakusukuma sana, mpaka unajihisi umerudi miaka 20. Siri yake ni kwamba kwenye ekseli ya pedeli mna sensa inayopima nguvu ya mguu wako. Mota za bei ya chini hazina sensa hiyo. Zina ile inayojua kitu kimoja tu, kwamba pedeli inazunguka au imesimama. Tofauti unaihisi mara ya kwanza ukipanda. Nyaya zote zilipita ndani ya fremu, maji hayazioni. Breki za diski mbele na nyuma. Bei ilikuwa milioni mbili na laki tatu.

Bei ilinishtua, ila haikunikimbiza. Kilichonirudisha nyuma ni jibu la swali langu la pili. Nilimuuliza muuzaji, betri ikifa mie niko Chake, nafanyaje? Akasema unaileta hapa, tunaagiza nyingine. Kwani haiwezi kufunguliwa ikatiwa seli mpya? Akatikisa kichwa. Betri ile ina bodi inayozungumza na mota, na mota isipoisikia sauti inayoijua, haiwaki. Hakuwa akinificha kitu, kijana wa watu alinieleza vizuri. Na si duka lile tu, baskeli nyingi za kiwandani ndivyo zilivyo siku hizi.

Jioni ile ile nikaona mwisho wa hadithi hiyo kwa macho yangu. Kwenye baskeli za mtumba za Kijapani, zile zenye kikapu mbele na mkingamo uliopinda wa kike, kulikuwa na moja nzito kuliko wenziwe. Nikainama kuitazama: ina mota katikati, kwenye pedeli. Wajapani wana baskeli hizi siku nyingi, Yamaha walitoa yao ya kwanza mwaka 1993. Hii betri yake ilikuwepo, imeandikwa volti 25 na ushei, imekufa. Muuzaji alikuwa anaiuza bei ya baskeli ya kawaida, tena pungufu, kwa sababu bila betri ni chuma kizito tu cha kusukuma. Mota nzima, taa nzima, fremu haina hata mkwaruzo wa maana. Ilikufa kwa sababu betri yake haipatikani. Nilisimama pale kwa muda mrefu.

Nikarudi Pemba na uamuzi wa kuitia mota Phoenix. Mtoto wa ami yangu anafanya kazi Dubai, nikamuagiza. Akanijibu kwamba mota atakuja nayo kwenye begi, betri hawezi. Hili wengi hatulijui: betri ya lithiamu inayozidi wati-saa 160 haipandi ndege ya abiria, si mkononi si kwenye begi la chini, na betri ndogo kabisa ya baskeli inayofaa ni zaidi ya mara mbili ya hapo. Betri ni lazima ije kwa meli. Kwa hiyo mota ikafika mwanzo, betri ikafuata kwa meli, miezi miwili baadaye. Ile miezi miwili, alhamdulillahi, ndiyo iliyoniokoa.

Maana wakati nasubiri betri niliichukua ile mota na Phoenix nikampelekea fundi. Mota yenyewe ni ya kwenye kitovu cha gurudumu, ukubwa wa sahani ya kitoweo, uzito kama kilo tatu. Fundi wangu ni mtu mzima, amenitengenezea baskeli tangu nasoma sekondari, na mota ya umeme hajawahi kuifunga. Hakusema hajui. Aliishika, akaizungusha ekseli taratibu kati ya vidole, akaitazama, kisha akaigeuza Phoenix juu chini na kuifungua gurudumu la mbele. Akachukua ekseli ya mota akaiweka kwenye mdomo wa uma, pale inapokaa ekseli ya kawaida. Haikuingia. Ekseli ya mota ina unene wa milimita 12, imechongwa pande mbili ikabaki 10. Mdomo wa uma wa Phoenix ni kama milimita nane.

"Tupa ipo," nikamwambia.

Akaishika tupa kweli. Akaiweka kwenye chuma, akaipima kwa jicho, akaiondoa. Akanionesha kwa ukucha wa kidole gumba.

"Mwalimu, hapa nikipiga tupa, shavu la chuma litabaki jembamba kama huu ukucha. Na hiki kidude chako kinapokwenda mbele, ekseli inataka kwenda wapi?"

Ndipo nilipoelewa jambo ambalo nilikuwa nalisoma bila kulitia akilini. Kwenye baskeli ya kawaida ekseli imekaa tu, gurudumu linazunguka juu ya gololi, uma hausukumwi na chochote. Kwenye mota ya kitovu, gurudumu linaposukumwa mbele ekseli inasukumwa kuzunguka kinyume, kwa nguvu ile ile. Kinachoizuia ni midomo miwili ya uma na nati. Ikishinda, ekseli inazunguka, inakata nyaya zake yenyewe, na gurudumu la mbele linachomoka ukiwa kwenye mwendo. Fundi hakusoma hayo popote. Aliyaona kwenye chuma.

Halafu akalikamata lile gurudumu la mbele akanionesha ringi. Ringi za Phoenix ni chuma kilichopakwa kromu, na breki zake ni za fito, zinabana ringi kwa upande wa ndani. Kukiwa kukavu zinashika. Ringi ikilowa, unabana na baskeli inaendelea kama haijakusikia. Kila aliyewahi kushuka kilima na Phoenix wakati wa masika anaijua hofu hiyo, nasi tumeizoea kwa sababu tulikuwa tunashuka polepole. Ukiongeza mota na betri, umeongeza kilo sita au saba na umeongeza mwendo, na breki ni zile zile za mwaka aliooa baba.

Nilirudi nyumbani nikiisukuma Phoenix kwa mkono. Sitaki kuficha, iliniuma.

Hapo ndipo swali langu lilipobadilika. Nilikuwa nauliza kipi rahisi na kipi ghali. Nikaanza kuuliza, siku kitakapoharibika, na kitaharibika, hapa Chake nani atakifungua? Kwa kiwandani jibu lilikuwa hakuna. Kwa Phoenix jibu lilikuwa kila mtu, lakini mwili wake haukuumbwa kwa kazi hiyo. Kumbe kulikuwa na njia ya tatu: kutafuta baskeli ya mtumba ambayo mwili wake unafaa, nikaitia mota hiyo.

Nilijua sasa natafuta nini, na nawaandikia wenzangu walio njiani. Fremu iwe ya chuma, sumaku inase, hasa pale inapokaa ekseli, kwa sababu aluminiamu ikichoka haikunji wala haikuonyi, inavunjika. Ringi ziwe za aluminiamu, breki ziwe za mikono miwili inayobana ringi kutoka pande zote mbili, zile za baskeli za giya. Mota ikae nyuma, si mbele, kwa sababu uzito wako mwenyewe unalikandamiza gurudumu la nyuma na mifupa ya nyuma ya fremu ni minene. Na zile za Kijapani za kikapu, nyingi zina breki ya bendi kwenye kitovu cha nyuma. Ukitoa kitovu ukaweka mota, umeitupa breki pamoja nacho. Usidanganyike na uzuri wake.

Nikaipata ya giya, ringi la 26, fremu ya chuma, kwa laki moja na elfu themanini. Mota ile ya mbele nikamrudishia mtoto wa ami, akabadilisha kwa ya nyuma na kuongeza kidogo. Kwa jumla mota, kontrola (kidude kinachoongoza umeme wa mota), akseleta na breki zenye swichi za kukata umeme vilinigharimu laki nne na elfu ishirini. Betri laki tano na elfu sitini pamoja na usafiri wa meli. Fundi na mchomeaji elfu sitini. Jumla milioni moja, laki mbili na elfu ishirini. Ni kama nusu ya ile ya dukani, lakini msinukuu nusu hiyo peke yake. Ya dukani unaipanda siku ile ile. Yangu ilinichukua miezi minne.

Mchomeaji ndiye aliyetengeneza kitu ninachokipenda kuliko vyote kwenye baskeli hii. Ni kipande cha bapa la chuma, milimita tano, urefu wa kiganja. Upande mmoja kina tundu lililochongwa kwa tupa likaikaba ekseli pande zake mbili bapa, upande wa pili kimefungwa kwenye fremu. Kazi yake ni kuizuia ekseli isizunguke. Wanaouza mota wakati mwingine hutoa washa nyembamba kwa kazi hiyo. Sikuziamini. Fundi alilichonga lile tundu asubuhi nzima, anajaribu, anatoa, anachonga tena kidogo, mpaka ekseli ikaingia kwa kugongwa na kipini cha nyundo. Akasema, "Sasa hata ikitaka, haitoki."

Nije kwenye betri, maana huko ndiko pesa ilipo na ndiko watu wanakoumia. Yangu ni volti 36, ampea-saa 10. Zidisha, unapata wati-saa 360. Njia yangu ya kwenda na kurudi, kilomita 20 za vilima huku nami napiga pedeli, inakula kama wati-saa 200. Kwa hiyo inabaki akiba nzuri. Umeme wake hauna hesabu ya kuogopesha: yuniti moja ya Tukuza, umeme wetu wa kulipia kabla, ni wati-saa 1,000, na kuijaza betri kutoka chini mpaka juu haifiki nusu yuniti. Ndani yake mna seli ndogo zilizopangwa makundi kumi, na bodi ya kuzilinda. Bodi hiyo haizungumzi na mtu. Inakata ikizidi, inakata ikipungua, basi. Siku seli zitakapochoka, yeyote mwenye mashine ya kuchomea vibati vya nikeli ataweza kuweka nyingine, na mota haitauliza.

Fundi mmoja wa redio alinishauri nitumie betri za asidi, tatu za volti 12, kwa vile zinapatikana kila duka. Niliipima hesabu. Tatu hizo ni kilo 12 au zaidi, na ukizitumia kupita nusu kila siku hazimalizi mwaka. Mtu mwenye gari la magurudumu matatu labda. Kwa baskeli ya kupanda vilima vya Pemba ni kubeba mzigo ili ubebwe.

Nachaji barazani, juu ya sementi, nikiwa macho. Si chumbani, si juu ya godoro, si usiku watoto wamelala. Nikirudi naiacha ipoe kwanza. Betri ya lithiamu ikishika moto haizimwi kwa ndoo ya maji, na nyumba zetu zina mlango mmoja wa kutokea. Katika hili sina mzaha na mtu. Umeme ukikatika sibabaiki, chaji moja inanitosha siku, na ya pili nikibana. Wenye umri wangu tunakumbuka mashine za dizeli za Wesha kabla ya waya wa chini ya bahari kutoka Tanga mwaka 2010; kwa wakati ule nisingelithubutu kabisa kuitegemeza safari ya kwa mama kwenye plagi.

Imeshaniharibikia mara moja. Ilikuwa masika, napanda kutoka bondeni, ikazima ghafla. Nikashuka nikaisukuma, goti linalia. Kesho yake fundi akafungua plagi ya kati ya betri na kontrola: ndani imeota kijani, chumvi ya hewa yetu. Akaikwangua, akairudisha, akaipaka grisi, akaifunga na kipande cha mpira wa tairi na kamba. Dakika 20. Sijaona kijani tena, na kila mwezi naifungua kuitazama.

Kama unaishi Unguja mjini, huna fundi unayemwamini, njia yako tambarare na pesa unayo, inunue ile ya kiwandani na uipande kwa amani. Ni bora kuliko yangu kwa starehe na kwa mvua. Mimi niko Pemba, na fundi ninaye.

Phoenix ya baba iko pale pale, anaipanda mwanangu kwenda dukani, haina mota. Mama nilipofika siku ya kwanza na hii mpya aliisikia mlio wake kabla hajaniona, akauliza ni nyuki gani wale. Nikaushika mkono wake nikauweka juu ya betri, ikiwa bado na vuguvugu. Akaipapasa, akasema, "Haya, kaa." Tangu hapo sijaruka siku ila mbili, na zote nilikuwa safarini.

Wiki iliyopita muuza samaki wetu, anayetoka Wesha na tenga nyuma ya karia, alinisimamisha. "Mwalimu, na mie nitilie kama hiyo." Nikamwambia aje Ijumaa baada ya sala, tukutane kwa fundi. Akaja na Phoenix yake. Fundi akalinyanyua gurudumu la nyuma, akalizungusha kwa kiganja, akamwambia abane breki. Likaenda mizunguko mitatu mizima ndipo likasimama. Muuza samaki akanitazama. Nikamwambia, ndugu yangu, mota tutazungumza baadaye. Raba za breki ni elfu chache, na leo nazilipa mie.